Kuhesabu kwa Mizani

Walimu wengi huandika habari za mambo waliyofaulu. Mimi leo nataka kuandika habari ya kosa. Kwa muda wa miaka sita nalifundisha jambo moja la kemia ambalo mwenyewe nalikuwa sijalielewa barabara, na siku mtoto mmoja aliponiuliza maana yake, badala ya kumshukuru nalimtahayarisha mbele ya wenzake. Kosa hilo lilikuwa karibu kuifunga njia ya maisha yake. Ninaliandika hapa ili mwalimu mwenzangu ajiangalie, na ili mzazi ambaye hakupata kusoma kemia ajue ya kuwa jambo lenyewe si gumu kama tulivyolifanya sisi walimu.

Nafundisha katika shule moja ya sekondari katika mkoa wa Songwe, si mbali na Tunduma. Mkoa huu ulitengwa na mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde, mji wa Zambia. Mchana na usiku malori hupita hapo. Mengine hutoka Zambia na Kongo yamebeba shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mengine hutoka pwani yamebeba salfa, yaani kile kiberiti cha manjano, kwenda kwenye migodi ya huko. Watu wa Tunduma wameizoea mizani. Malori hupimwa, mahindi hupimwa, kahawa ya Mbozi hupimwa, na ugomvi mwingi wa sokoni ni ugomvi wa mizani. Sikujua wakati ule ya kuwa jambo lililonishinda darasani lilikuwa likifanywa kila siku pale sokoni na watu wasiojua hata jina la kemia.

Wanafunzi wa kidato cha tatu hufikia somo liitwalo moli. Hili ndilo mlango wa hesabu zote za kemia. Asiyeuingia hubaki nje hata mwisho. Mwaka ule nalisimama ubaoni kama kawaida yangu, nikaandika kwa Kiingereza maneno ya kitabu, maana masomo ya sekondari kwetu hufundishwa kwa lugha hiyo. Nikaandika ile namba kubwa inayoitwa kwa jina la Avogadro. Kisha nikaandika kanuni: ukitaka kujua idadi ya moli, chukua uzani wa kitu ulicho nacho, ugawanye kwa uzani wa moli moja ya kitu hicho. Wanafunzi wakanakili kwa utulivu, nami nikaona nimefundisha.

Ndipo binti mmoja, ambaye mama yake huuza maharage katika soko la Tunduma, akainua mkono. Akauliza kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilimpotea kwa hofu: "Samahani, Mwalimu. Hiyo moli ni uzito au ni hesabu? Na kama ni hesabu, nani aliyezihesabu hizo atomi?"

Ndugu msomaji, katika somo lote hakuna swali lililo bora kuliko hilo. Mtu akipata jibu lake, yaliyobaki ni kujumlisha na kugawanya tu. Lakini mimi sikuwa na jibu. Nalikuwa najua kanuni kama kasuku ajuavyo salamu. Na mwalimu asiye na jibu, kama hana unyenyekevu, hushika fimbo ya maneno. Nalimwambia, "Wewe umekuja kusoma au kubishana? Shika kama ilivyoandikwa." Darasa likacheka. Akaketi, akafunika daftari lake, na tangu siku ile hakuinua mkono tena.

Ulipokuja mtihani wa muhula, alipata alama 8 katika 100. Haukupita muda mama yake akafika shuleni. Nalimwamkia, "Shikamoo, Mama," akaitika, "Marahaba, Mwalimu," akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba. Akasema, "Mwalimu, mwanangu tangu utoto wake ametaka kuwa muuguzi. Sasa ananiambia ataiacha kemia. Nami nimeambiwa ya kuwa chuo cha uuguzi hakimpokei mtu asiyefaulu kemia. Nimekuja nikuulize wewe unayemfundisha: je, ni kweli mtoto huyu hana akili ya somo hili?"

Naliona haya kubwa. Nalitambua mara moja ya kuwa binti hakumweleza mama yake jinsi nilivyomfanya achekwe. Mtoto alikuwa ameificha aibu yangu, na aibu yake mwenyewe ameibeba kimya. Nalimjibu, "Hapana, Mama. Akili anayo. Nipe muda." Lakini alipokwisha kuondoka nalijiuliza, muda wa kufanya nini, ikiwa jibu la swali lake mimi mwenyewe sina?

Jumamosi iliyofuata nalikwenda Tunduma kununua misumari ya kuezekea jiko langu. Fundi alikuwa ameniambia nilete misumari 600 ya inchi tatu. Naliingia katika duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja, nikamwamkia, nikamwambia haja yangu. Mzee akacheka, akasema, "Mwalimu, misumari hapa haihesabiwi, hupimwa."

Nikasema, "Lakini, Mzee, fundi amenipa hesabu, hakunipa kilo."

Akajibu, "Hesabu na mizani ni ndugu." Akahesabu misumari 100, akaitia katika mizani, ikawa nusu kilo. "Umeona? Mia ni nusu kilo. Basi mia sita ni kilo tatu." Akachota misumari kwa kopo mpaka mizani ikasema kilo tatu, akanifungia. Hakuihesabu tena hata mmoja.

Nikamwuliza, "Na kama ningetaka misumari 600 ya inchi sita, ungenipa kilo tatu vilevile?"

Akanitazama kama atazamavyo mtu aliyeulizwa neno la kitoto. "La, Mwalimu. Ule ni msumari mzito. Kila msumari una mia yake."

Kila msumari una mia yake. Nalitoka dukani na maneno hayo kichwani, na kabla sijafika kituo cha mabasi nalikuwa nimelipata jibu la yule binti. Moli ni hesabu. Lakini ni hesabu ya vitu vidogo mno visivyoweza kuhesabiwa kwa kidole, na kwa hiyo tunavihesabu kwa mizani. Na kila kitu kina moli yake, yaani uzani wake wa hesabu ileile, kama kila msumari ulivyo na mia yake.

Jumatatu nalikwenda darasani na mahindi, maharage, na mizani ndogo ya maabara. Neno la kwanza nalisema hivi: "Wiki nyingi zilizopita mwenzenu aliniuliza swali, nami nikamjibu vibaya kwa sababu sikuwa najua. Leo nimekuja kumjibu." Darasa likanyamaza kabisa. Binti yule akainamisha kichwa. Kisha nikaendelea kwa Kiswahili, na maneno ya Kiingereza nikayaweka pembeni mpaka maana yaingie kwanza.

Nikawauliza, "Dazeni ni nini?" Wakasema, vitu 12. "Korja ni nini?" Mmoja ambaye baba yake huuza nguo akasema, vitu 20. Nikawaambia, "Moli ni neno la jamaa hiyohiyo. Ni jina la idadi. Dazeni ya mayai na dazeni ya matofali ni idadi moja, lakini hakuna atakayesema uzani wake ni mmoja." Mwanafunzi mmoja akasema, "Basi, Mwalimu, ni kama kibaba." Nikamwambia amekaribia, lakini kuna tofauti. Kibaba hupima ujazo. Kibaba cha mchele na kibaba cha maharage hujaa sawa, lakini idadi ya punje si sawa. Katika moli, kilicho sawa ni idadi.

Nalikuwa nimechagua mbegu kwa makusudi. Wanafunzi wakahesabu punje 100 za mahindi, wakapima, zikawa gramu 36. Wakahesabu maharage 100, yakawa gramu 48. Nikawaambia, "Sasa msihesabu tena. Nipimieni gramu 360 za mahindi na gramu 480 za maharage." Wakapima. Nikauliza, "Katika chungu hizi mbili, ipi ina punje nyingi zaidi?" Wengi wakasema ni ile nzito. Lakini binti wa muuza maharage akasema polepole, bila kuinua mkono, "Ziko sawa. Kila moja ina 1,000." Hakuna aliyekuwa amezihesabu hizo 1,000. Mizani ndiyo iliyozihesabu.

"Sasa," nikasema, "tazameni jedwali la elementi ukutani. Kaboni imeandikiwa 12, oksijeni imeandikiwa 16. Maana yake ni kwamba atomi moja ya oksijeni huizidi atomi ya kaboni kwa uzani kama maharage yetu yanavyoyazidi mahindi, yaani 4 kwa 3. Basi nikipima gramu 12 za kaboni na gramu 16 za oksijeni, nimepata nini?" Wakajibu wengi kwa pamoja, "Atomi zilizo sawa kwa idadi!" Hiyo idadi ndiyo moli. Ile namba ndogo iliyoandikwa chini ya kila elementi, ukiisoma kwa gramu, ni uzani wa moli moja ya elementi hiyo. Shaba ni gramu 63.5. Salfa ni gramu 32. Chuma ni gramu 56. Kila msumari una mia yake.

Likabaki swali la pili la binti: nani aliyezihesabu? Nikawaeleza kwamba mwaka 1811 mtu mmoja wa Turin katika nchi ya Italia, jina lake Amedeo Avogadro, alisema kwamba gesi mbili zikiwa na ujazo sawa, joto sawa na mgandamizo sawa, zina idadi sawa ya chembe. Yeye mwenyewe hakuijua idadi hiyo ni ngapi. Mwaka 1865 Josef Loschmidt wa Austria alikadiria ukubwa wa chembe za hewa, na kutokana na hapo idadi yake ikaanza kukisiwa. Kisha Mfaransa mmoja, Jean Perrin, alitazama kwa hadubini punje ndogo sana zikielea na kutikisika majini, na kwa mwendo wake akaweza kuikokotoa idadi ile. Mwaka 1909 akashauri iitwe kwa jina la Avogadro. Na tangu tarehe 20 Mei 2019, kwa mapatano ya mataifa, idadi ya moli imewekwa kamili isibadilike: 602,214,076,000,000,000,000,000.

Namba hiyo haina mfano katika maisha ya mtu. Watu bilioni 8 wa dunia wakikaa chini wote, kila mmoja akahesabu atomi moja kila sekunde, mchana na usiku bila kulala wala kula, ingewachukua zaidi ya miaka milioni mbili kumaliza moli moja. Na moli moja ya maji ni nini? Ni gramu 18, funda moja tu la maji mdomoni. Basi hakuna aliyehesabu kwa kidole, wala hakuna atakayehesabu. Walipima, wakafikiri, wakagawanya. Binti akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyelipwa deni alilokwisha kulisahau.

Baada ya hapo hesabu zikawa kazi nyepesi. Kupata uzani wa moli wa kitu kilichochanganyika, jumlisha uzani wa kila atomi iliyomo. Maji yana haidrojeni mbili na oksijeni moja: 1 na 1 na 16, jumla 18. Chumvi ya kula, ile ambayo wazee wetu tangu karne nyingi wamekuwa wakiipata huko Ivuna katika wilaya ya Momba kwa kuchemsha maji ya chumvi, ina sodiamu moja na klorini moja: 23 na 35.5, jumla 58.5. Mtu akiwa na gramu 117 za chumvi safi, agawanye kwa 58.5, atapata moli 2.

Mfano uliowafurahisha zaidi ni wa jiwe la chokaa, ambalo hupatikana katika bonde la mto Songwe, na ambalo kiwanda cha saruji kilichoko Songwe, upande wa Mbeya, hulitumia. Wachoma chokaa wote wanajua ya kuwa jiwe likiisha kuchomwa huwa jepesi, wala hakuna aliyeliiba. Hesabu yake ni hii. Jiwe lina kalsiamu moja, 40. Kaboni moja, 12. Na oksijeni tatu, 48. Jumla ni 100. Likichomwa sawasawa, hutoka hewa ya kaboni na oksijeni mbili, yaani 12 na 32, jumla 44. Inabaki chokaa, 56. Kwa hiyo kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa, na kilo 44 zimekwenda hewani. Mwanafunzi mmoja ambaye mjomba wake huchoma chokaa akasema, "Kumbe mjomba alikuwa akimshuku bure kibarua wake!" Tukacheka sote, na mara hii hapakuwa na aliyeumizwa na kicheko hicho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa ajili yake hasa nimeishika kalamu.

Wiki ya pili nalitaka kuwapa mfano wa mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wameyajua tangu zamani, kwa kuwa dawa za shaba huzuia kutu ya majani na chulebuni. Nikawaambia wanafunzi, "Tazameni barabara yetu. Shaba inashuka kwenda pwani, salfa inapanda kutoka pwani. Katika mrututu hizo mbili hukaa pamoja." Nikaandika ubaoni: shaba moja, 63.5, salfa moja, 32, oksijeni nne, 64. Jumla 159.5. Nikapiga mstari chini yake kwa fahari, nikaanza kufuta ubao.

Nikasikia sauti nyuma yangu. "Samahani, Mwalimu."

Nikageuka. Alikuwa yule binti, na mkono wake ulikuwa juu. Mkono ule nalikuwa sijauona juu tangu siku ile mbaya, na naliuona unatetemeka kidogo.

"Sema," nikamwambia.

"Mwalimu, kitabu kinasema mrututu wa buluu una maji ndani yake, molekuli 5 kwa kila moja. Hukuyahesabu maji."

Darasa zima likanitazama mimi. Nalijua wanangoja nini. Wengine walikuwa wamekwisha kuinama wasione atakavyojibiwa. Nami nakiri mbele yenu, wasomaji, ya kuwa kwa muda wa pumzi moja ile hasira ya kale ilinipanda, maana si jambo tamu kwa mwalimu kusahihishwa ubaoni. Lakini nalimkumbuka mama yake aliyekaa ukingoni mwa kiti. Nikaweka chaki juu ya meza, nikasema, "Umesema kweli. Mimi nimekosea. Njoo utusahihishie."

Akaja. Akaandika kwa mkono mwembamba: maji ni 18, mara 5 ni 90; 159.5 na 90 ni 249.5. Kisha akasimama akifikiri, akaongeza neno ambalo hakuna aliyemwuliza: "Basi katika kila gramu 249.5 za mrututu, gramu 90 ni maji. Mtu akinunua kilo moja, kama gramu 360 ni maji, na shaba yenyewe ni kama gramu 254 tu." Akarudi mahali pake.

Tulipokwenda maabara tukatia mrututu kidogo katika bomba la kioo, tukaupasha moto taratibu. Matone ya maji yakaonekana juu kwenye kioo, na ile buluu ikafifia hata ikawa unga mweupe. Ulipopoa, tukadondosha tone moja la maji, buluu ikarudi palepale. Wanafunzi wakapiga makofi. Wakayaona kwa macho yale maji ambayo mwalimu wao alisahau kuyahesabu, na ambayo mwenzao aliyakumbuka.

Mwisho wa mwaka tulikwenda kijiji cha Ndolezi katika wilaya ya Mbozi kukiona kimondo, lile pande la chuma lililotoka mbinguni. Wenyeji walikuwa wakilijua kabla. Kwa wageni habari zake zilienea tangu mwaka 1930. Udongo umechimbwa kulizunguka, na lenyewe limeachwa limekaa juu ya kilima chake. Hukadiriwa kuwa uzani wake ni tani 16 hivi. Nikawapa hesabu papo hapo: "Niambieni kimondo hiki kina moli ngapi za chuma." Vijana wengine wakainama mara moja, wakaanza kugawanya kwa 56. Lakini binti yule akauliza kwanza, tena kwa sauti ya kusikika, "Mwalimu, je, tani zote 16 ni chuma?"

Nalifurahi kuliko nilivyoweza kuonyesha. Nikajibu, "Sivyo. Chuma ni kama sehemu 9 katika 10; iliyobaki ni nikeli hasa, na vitu vingine kidogo." Basi wakachukua gramu 16,000,000, wakatwaa sehemu 9 katika 10, yaani 14,400,000, wakagawanya kwa 56. Jawabu likawa moli 257,000 na zaidi. Wale waliokimbilia kugawanya kabla ya kuuliza walipata jawabu kubwa kupita kiasi. Hawakukosa hesabu, walikosa swali.

Nikawaambia pia ya kuwa mkoa wetu ulipokea jiwe jingine kutoka juu. Lilianguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938. Lilikuwa dogo, uzani wake wote ulikuwa gramu 705 hivi. Lakini wataalamu walipopima elementi zilizomo na kugeuza uzani kuwa idadi ya atomi, waliona ya kuwa, ukiacha zile gesi nyepesi, uwiano wake unafanana sana na ule wa Jua lenyewe. Kundi zima la vimondo vya namna hiyo, vilivyo adimu mno duniani, hutambulishwa kwa herufi ya kwanza ya jina la Ivuna. Ona basi, jiwe ambalo mtu angeweza kulishika kwa mkono mmoja limewasaidia watu kuijua asili ya Jua, na njia waliyoitumia ni ileile ya mzee wa misumari: pima, kisha gawanya kwa mia yake.

Binti yule hakuiacha kemia. Aliufanya mtihani wa kidato cha nne, akafaulu somo hilo, na leo yuko chuo cha uuguzi. Alipokuja likizo alipita shuleni kunisalimu. Akaniambia ya kuwa huko wanafundishwa kupima dawa, na kwamba mwalimu wao huwakataza kutoa dawa yoyote ambayo hawajaelewa hesabu yake. "Mimi kuuliza siogopi," akasema, akatabasamu, nami nalielewa ananiambia nini.

Walimu wenzangu, mambo mawili nimejifunza, nayo nawaachia. La kwanza ni hili: maana kwanza, kanuni baadaye, na maana huingia kwa lugha ambayo mtoto huiotea ndoto. Vitu vya kufundishia haviko mbali. Viko katika soko, katika tanuri la chokaa, katika shamba la kahawa, katika duka la misumari. La pili ni zito zaidi. Mtoto anapouliza jambo usilolijua, sema, "Sijui, nipe mpaka kesho." Maneno hayo hayampunguzii mwalimu heshima hata kidogo. Mimi niliyaogopa, na kwa kuyaogopa nalikaribia kuipotezea hospitali moja muuguzi wake.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani akasema, "Somo hili silipendi tena," msikimbilie kusema hana akili. Muulizeni kwanza kama aliwahi kuuliza swali, na alijibiwa nini.